Kuunga Sanamu Ndogo za Plastiki Zilizovunjika

Mara ya kwanza nilipojaribu kutengeneza sanamu ya plastiki iliyovunjika, niliiharibu zaidi. Sanamu yenyewe ilikuwa ya mpiga ngoma wa kijeshi, mwenye kimo cha milimita 54. Nilizawadiwa na mzee mmoja jirani yangu, fundi mitambo mstaafu, siku nilipomaliza masomo yangu ya uzamivu nchini Uingereza. Mzee huyo aliiunga mwenyewe kutoka katika vipande, akaipaka rangi kwa brashi nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Miaka michache baada ya kurejea nyumbani, sanamu ilianguka kutoka rafuni ikavunjika vifundo vyote viwili vya miguu. Nilitaka kwanza kuisafisha, nikachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nikapangusa. Rangi ilitoka, lakini uso wa plastiki nao ukalainika kama ubani uliotafunwa, na alama ya kidole changu cha gumba ikabaki shavuni mwa mpiga ngoma.

Kosa hilo lilinifedhehesha, kwa sababu kazi yangu ni kufundisha kemia. Nilijua vema kwamba dawa ile ina asetoni, na nilijua asetoni huifanyia nini plastiki ya namna ile. Nilichokosa ni kuuliza swali ambalo kila fundi hana budi kuliuliza kabla ya kufungua chupa yoyote: je, kitu hiki kimefanywa kwa plastiki gani? Makala haya yanaeleza jinsi ya kulijibu swali hilo kwa vifaa vya nyumbani, na jinsi jibu lake linavyoamua namna ya kuunga.

1. Asili ya sanamu hizi

Kuunda ndege, meli, magari na sanamu za watu kutokana na vipande vya plastiki ni burudani iliyoenea sana Ulaya, Marekani na Japani baada ya Vita Kuu ya Pili. Nchini Uingereza kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa na Nicholas Kove mwaka 1939, ilitoa mwaka 1952 vipande vya kuundia meli ndogo ya Golden Hind, na tangu hapo watoto na watu wazima wengi wakaingia katika kazi hiyo. Nchini Japani kampuni ya Bandai ilianza kuuza mwaka 1980 sanamu za roboti za mchezo wa televisheni uitwao Gundam, na hizo zimesambaa duniani kote.

Sanamu ndogo hupatikana pia katika nyumba zetu, ama kwa zawadi, ama kwa ndugu waliosafiri, ama kwa vitu vya kuchezea watoto. Zikivunjika, mara nyingi hutupwa. Hata hivyo, elimu inayohitajika kuziunga ndiyo hiyo hiyo inayohitajika kuunga mkono wa kielelezo cha mwili wa binadamu katika maabara ya shule, au kifuniko cha redio.

2. Plastiki si kitu kimoja

Neno plastiki ni jina la ukoo mzima. Mwaka 1920 mkemia wa Kijerumani Hermann Staudinger alieleza kwamba vitu vya namna hii vimejengwa kwa molekuli ndefu mno, ambamo kiungo kimoja kidogo hurudiwa mara maelfu kama pete za mnyororo. Wanakemia wengi wa wakati wake walimpinga, lakini hatimaye mwaka 1953 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mnyororo huo tunauita polima.

Katika sanamu ndogo tutakutana hasa na polima zifuatazo:

(a) Polistirini. Ni ngumu, nyepesi, na huvunjika kwa mlio mkali. Kila pete ya mnyororo wake ina kaboni 8 na haidrojeni 8. Sanamu nyingi za kuundwa kwa vipande, akiwamo mpiga ngoma wangu, ni za aina hii.

(b) ABS. Ni ndugu wa polistirini, lakini imechanganywa na polima zenye sifa ya mpira, hivyo hustahimili kishindo zaidi. Ikipindwa sana huonesha weupe mahali pa pindo kabla ya kukatika.

(c) PVC yenye vilainishi. Hii hutumika katika sanamu nyingi zinazouzwa zikiwa tayari zimepakwa rangi. Sehemu zake nyembamba hupindika bila kuvunjika mara moja.

(d) Polithini na polipropilini. Zina utelezi kama wa nta, na ukucha huacha alama juu ya polithini. Askari wadogo wanaouzwa wengi katika mfuko mmoja mara nyingi hufanywa kwa polithini.

3. Jinsi ya kuitambua plastiki

Kwanza, soma. Mara nyingi jina la plastiki huandikwa juu ya boksi, chini ya kitako cha sanamu, au juu ya fremu iliyoshikilia vipande. Herufi PS ni polistirini, PE ni polithini, na PP ni polipropilini.

Pili, kama hakuna maandishi, tumia maji. Kata kipande kidogo kama punje ya mchele kutoka mahali pasipoonekana. Kioshe kwa sabuni ili mapovu ya hewa yasikishikilie, kisha kizamishe kwa kijiti ndani ya glasi ya maji na ukiachie. Kikipanda juu na kuelea, ni polithini au polipropilini, kwa maana densiti zake ni kati ya 0.90 na 0.97, yaani pungufu ya ile ya maji ambayo ni gramu 1 kwa sentimita moja ya ujazo.

Kikizama, tengeneza maji ya chumvi kwa kuyeyusha gramu 100 za chumvi ya mezani katika gramu 900 za maji. Densiti ya maji hayo ni karibu 1.07. Polistirini na ABS, zenye densiti ya karibu 1.05, huelea humo. PVC, ambayo densiti yake huanza karibu 1.16 na kufikia 1.45 kulingana na vilainishi vilivyomo, huzama. Tusipime sanamu nzima kwa njia hii, kwa sababu nyingi zina uwazi ndani, na hewa iliyofungiwa humo itatudanganya.

Vitabu vya zamani vilifundisha kuitambua plastiki kwa kuichoma na kunusa moshi wake. Njia hiyo tuiache. PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu wa pua na mapafu huwa asidi.

4. Gundi ipi kwa plastiki ipi?

Kuunga kwa kuyeyusha. Polistirini ina bahati ya pekee: tunaweza kuiunga pasipo kuacha gundi yoyote ndani ya kiungo. Gundi maalumu ya sanamu za polistirini huwa na kiyeyushi, kwa mfano asetati ya butili. Kikipakwa juu ya nyuso mbili zilizovunjika, molekuli zake hupenya kati ya minyororo ya polima na kuilegeza. Nyuso hizo zikikutanishwa, minyororo ya upande mmoja hutambaa na kuingia upande wa pili, ikasukana kama ukili wa mkeka. Kisha kiyeyushi huvukiza chote kikaenda zake, na kinachobaki ni polistirini tupu, kana kwamba haikuvunjika. ABS nayo huungwa hivyo, ila tuchague gundi ambayo maelezo yake yanaitaja ABS.

Hapa ndipo tunapoona kosa langu lilipokuwa. Asetoni nayo hulegeza minyororo ya polistirini. Nilichofanya kwa kitambaa changu ni kazi ile ile ya gundi, lakini mahali pasipotakiwa.

Mwanafunzi anaweza kuona jambo la jamaa hiyo ndani ya mkebe wake wa vifaa. Kifutio laini cha PVC kikiachwa kwa wiki nyingi kikigusana na rula inayoangaza ya polistirini, hunata, na kikibanduliwa huacha shimo juu ya rula. Kilainishi kimetoka katika kifutio kikahamia katika rula na kuilainisha. Kwa sababu hiyo hiyo, sanamu ya PVC isihifadhiwe ikiwa imegusana na sanamu ya polistirini.

Supagluu. Gundi hii ni ya jamii ya sayanoakrilati. Harry Coover, mkemia wa kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani, alikutana na jamii hiyo mwaka 1942 katika utafiti wa plastiki angavu za kulengea bunduki, akaiacha kwa kuwa ilinata kila kitu. Mwaka 1951 yeye na wenzake waliitazama upya, na mwaka 1958 ikaanza kuuzwa kama gundi. Ndani ya chupa ni molekuli fupi. Zikikutana na unyevu mdogo uliomo juu ya kila kitu na hewani, hushikana upesi zikawa minyororo mirefu. Kwa hiyo supagluu haikauki kwa kupoteza maji kama gundi ya karatasi. Unyevu ndio unaoigandisha. Ndiyo maana katika miji yetu ya pwani, yenye hewa nzito ya unyevu, chupa isiyofungwa vema huganda yote upesi.

Supagluu hushika vizuri PVC, ABS, polistirini, na pia sanamu za resini ambazo haziyeyuki kwa kiyeyushi. Hata hivyo ina udhaifu wa aina mbili. Ikipakwa nene hukawia kuganda, kwa sababu unyevu uko usoni, si katikati. Tone moja dogo hushinda matone matano. Tena, kiungo chake kikavu huvumilia kuvutwa lakini hakivumilii kishindo wala kubanduliwa kwa pembeni.

Epoksi. Hii ndiyo gundi ya mirija miwili, mmoja wenye resini na mwingine wenye kigandishi. Hushika polepole zaidi na huacha unene, lakini huziba nafasi pale ambapo chembe za plastiki zimepotea, na hustahimili kishindo kuliko supagluu.

Polithini na polipropilini. Hapa gundi zote tulizotaja hushindwa. Minyororo ya polima hizi haina sehemu zenye chaji zinazoweza kuivuta gundi, na gundi hujikusanya juu yake kama matone ya maji juu ya jani la mgimbi. Hakuna kiyeyushi cha nyumbani kinachozilegeza. Kama sanamu yako ilielea katika maji, usipoteze gundi. Nenda moja kwa moja kwenye waya, ambao tunaueleza sasa.

5. Hesabu ya waya

Kwa nini sanamu huvunjika vifundoni, viwikoni na kwenye upanga, na si mapajani? Uwezo wa fito ya duara kustahimili kupindwa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Ikiwa paja lina kipenyo cha milimita 6 na kifundo kina milimita 3, kifundo hakina nusu ya nguvu ya paja, bali kina sehemu moja tu kati ya nane. Na kifundo ndicho kinachobeba mwili mzima unapoyumba.

Sasa tupime eneo la kuunga. Uso wa kifundo chenye kipenyo cha milimita 3 una eneo la:

3.14 × 1.5 × 1.5 = milimita za mraba 7.1

Tukitoboa katikati tundu la milimita 1, na kuingiza humo waya wenye kipenyo hicho hicho kwa kina cha milimita 5 kila upande, uso unaobaki ni milimita za mraba 6.3. Lakini ubavu wa waya ndani ya kila tundu una eneo la:

3.14 × 1 × 5 = milimita za mraba 15.7

Jumla ni milimita za mraba 22, yaani mara tatu ya mwanzo. Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo: mguu ukisukumwa pembeni, nguvu haiangukii tena gundi peke yake, bali inapokewa na chuma. Hata katika polithini, ambako gundi haishiki, waya wenye mikwaruzo ukiingizwa kwa nguvu katika tundu jembamba kidogo kuliko wenyewe utashikilia.

Waya unaofaa umo mezani mwa kila mwalimu: ni klipu ya karatasi iliyonyooshwa, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha karibu milimita 1. Kwa viungo vyembamba zaidi tumia pini.

6. Hatua za kazi

Kwanza, kusanya vipande vyote na usivisuguesugue kwa kuvijaribisha mara nyingi. Mpasuko mpya una milima na mabonde yanayolingana, na kila jaribio huyasawazisha.

Pili, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, na uache vikauke kabisa. Mafuta ya vidole huzuia gundi.

Tatu, kwangua rangi iliyo kandokando ya mpasuko kwa ncha ya wembe. Gundi iliyowekwa juu ya rangi huunga rangi na rangi, si plastiki na plastiki.

Nne, tafuta kitovu. Weka nukta ya rangi mbichi katikati ya uso mmoja, kutanisha nyuso, na alama itahamia upande wa pili. Toboa kwa keekee ndogo inayozungushwa kwa vidole. Keekee ya umeme huenda mbio mno, ikaipasha joto plastiki na kuilainisha. Ukiona ufa unaanza, simama na uunge kwanza ufa huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tano, kata waya, ukwaruze kwa tupa, na ujaribu kufunga kiungo kikiwa kikavu.

Sita, paka gundi kidogo, kutanisha, na uishike sanamu bila kuitikisa. Bakuli la mchanga mkavu ni msaidizi mwema: zika sehemu kubwa mchangani katika pembe ambayo kipande cha juu kitakaa kwa uzito wake chenyewe, na kiungo kiwe juu ya mchanga.

Saba, ngoja. Supagluu hushika kwa sekunde na epoksi ya haraka kwa dakika, lakini kwa kila gundi ngoja saa 24 kabla ya kuipa sanamu mzigo.

Nane, ziba mapengo. Kwa polistirini, yeyusha vipande vya fremu ile ile ndani ya gundi yake hadi upate uji mzito, upake, na usubiri siku moja au zaidi. Kwa supagluu, nyunyiza bikaboneti ya sodiamu kidogo juu yake. Itaganda papo hapo kuwa kitu kigumu kama jiwe. Sugua kwa msasa laini uliolowanishwa, kisha paka rangi.

Sanamu ya PVC ambayo miguu yake imepinda bila kuvunjika haihitaji gundi. Ichovye katika maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja au mbili, inyooshe, kisha uitie mara moja katika maji baridi. Joto huilegeza minyororo, na baridi huishikilia katika umbo jipya.

7. Tahadhari

Mvuke wa viyeyushi hushika moto na hudhuru ubongo ukivutwa kwa wingi. Fanya kazi mahali penye upepo, mbali na jiko la mkaa, mshumaa na sigara. Shuleni, chupa zishikwe na mwalimu na zihesabiwe baada ya kazi. Petroli isitumike kamwe kuwa kiyeyushi wala kisafishio.

Supagluu ikigandisha vidole, usivivute. Viloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni hadi viachane. Isimwagike juu ya pamba au nguo ya pamba, kwa maana hapo huganda kwa kasi na kutoa joto la kuunguza ngozi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na umwahishe mgonjwa kwa daktari.

8. Majaribio na maswali

(1) Chukua kalamu ya kawaida ya Bic yenye kiwiliwili kinachoangaza. Kiwiliwili ni cha polistirini na kifuniko chake ni cha polipropilini. Kata kipande kidogo cha kila kimoja na uvipime katika maji, kisha katika maji ya chumvi. Eleza unachokiona.

(2) Kata viwiliwili vitano na vifuniko vitano vya kalamu kwa msumeno mdogo, uviunge kwa supagluu, na ungoje saa 24. Funga chini ya kila kimoja chupa tupu, na umimine maji humo polepole hadi kiungo kiachie. Andika ujazo wa maji, tafuta wastani wa kila kundi, na ueleze tofauti kwa kurejea sehemu ya 4.

(3) Mkono wa sanamu una kipenyo cha milimita 4. Kokotoa eneo la kuunga bila waya, kisha pamoja na waya wa milimita 1 unaoingia milimita 6 kila upande.

(4) Mwanafunzi amevunja askari anayeelea majini, na amenunua gundi ya polistirini. Mpe ushauri, na utoe sababu.

Mpiga ngoma wangu amesimama tena rafuni kwa waya wa klipu mbili, na gundi ya kiyeyushi imemrudishia vifundo vyake. Alama ya kidole shavuni nimeiacha. Wanafunzi wangu wanapokuja nyumbani huuliza ilitokeaje, nami huwaeleza nilivyofungua chupa kabla ya kuuliza swali.